Kutulia au kupapatika juu ya maji

Jamani hii kitu imenikaa kichwani wiki nzima, acha niiandike tu. Wanaonijua wanajua kazi yangu huku ni kutengeneza zile chipu za maji, yaani kipande cha silikoni laini kama stempu ya posta, ndani kina vimfereji vyembamba kama unywele, tone dogo tu la damu linapita humo na unapata kipimo chako. Kazi yenyewe nusu ni kama upishi. Unapima silikoni gramu 10 na dawa ya kuigandisha gramu 1, unakoroga mpaka inajaa mapovu inakuwa nyeupe, unaiweka kwenye chombo cha kunyonya hewa hadi povu la mwisho lipasuke, maana likibaki moja tu kwenye mfereji chipu hiyo imekwisha. Ndo unamimina kwenye kalibu, oveni nyuzi 80, masaa mawili.

Hayo masaa mawili ndo huwa nasoma. Kikundi chetu cha Biblia tumeanza Mwanzo, basi nimefungua Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi tumekua nayo, "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji". Mwenzangu wa labu, Kiebrania ndo lugha ya kwao, akauliza hapo mnasemaje, nikamweleza. Akakataa kabisa! Akasema neno ni merahefet, akatandaza viganja juu ya kisahani cha silikoni akawa anavitetemesha, ndege anapiga mabawa palepale bila kutua. Hata droni kwa Kiebrania cha leo imepewa jina kutoka mzizi huohuo.

Kufika nyumbani nikatafuta, kitenzi hicho kinarudi Kumbukumbu la Torati 32:11, tai na makinda yake, na Union hiyohiyo pale inasema "kupapatika". Kwa hiyo neno walikuwa nalo, kwenye Mwanzo wakachagua kutulia. Nadhani naelewa kwa nini. Sisi anayepapatika ni kuku aliyechinjwa, sasa umwandikie Mungu hivyo ukurasa wa kwanza kabisa wa Biblia, mkono unasita. Nikafikiria kuatamia, neno zuri lina joto, ila kuku anayeatamia amekaa, na vile viganja havikukaa.

Na bado hiyo roho yenyewe. Ruah ni upepo, ni pumzi, ni roho, Kiebrania kinaziacha zote tatu mlangoni, Kiswahili ukishasema roho lazima uchague na ngeli. Hapa wameandika Roho ya Mungu, ukienda Warumi 8:14 ni Roho wa Mungu. Ya na wa tu, lakini hapo umeshasema kama ni kitu au ni mtu, na msomaji hajui kuna aliyemwamulia. Mi naona mambo kama haya tungeyaeleza pembeni ya ukurasa, watu wetu wana akili, wataelewa.

Ijumaa nikasoma kwa sauti kwenye kikundi, "Roho ya Mungu ikapapatika juu ya uso wa maji". Kimya. Halafu mama mmoja aliyefuga kuku maisha yake yote akasema, mwanangu, ndege akifanya hivyo juu ya watoto wake anawaamsha.