Ijumaa ya Floyd, pamoja na wapiga bluegrass

Ukitoka Roanoke, Virginia, kwa barabara namba 221, tambarare inakwisha upesi. Gari linaupanda Bent Mountain kona baada ya kona, masikio yanaziba, na huko juu unakuta malisho ya ng'ombe na makanisa madogo meupe. Aliyekuwa akiendesha ni muuguzi mwenzangu. Alimaliza zamu ya usiku asubuhi ile, akapata usingizi wa saa chache, na sasa fidla yake ilikuwa imelazwa kiti cha nyuma. Yeye na wenzake wanne hupiga bluegrass, muziki wa nyuzi wa Marekani. Tulikuwa tunakwenda Floyd, wilaya ambayo nzima ina taa moja tu ya kuongozea magari, na ambako kila Ijumaa usiku watu hupiga muziki na kucheza ndani ya duka la Floyd Country Store.

Mimi nimekulia Tanga, kwenye taarabu, kwa hiyo fidla si ngeni kwangu. Nilitaka kuwaona watu wenyewe, nijue wanaishije.

Njiani tulimpitia mpiga besi, mama wa makamo mwenye shamba la miti ya Krismasi. Julai ni wakati wa kupogoa: anapita mstari kwa mstari na kisu kirefu chembamba, akipunguza matawi mpaka kila mti uchongoke vizuri. Mti mmoja humchukua miaka 7 hadi 10 kabla ya kuuzwa. Aliponipa mkono nilihisi sugu. Nyuzi za besi ni nene, akaniambia, zinataka kiganja cha namna hiyo hiyo. Mazoezi hufanyika jikoni kwake, Jumanne usiku, na sehemu kubwa ya mazoezi ni kuulizana hali: nani anauguza, gari la nani limeharibika, nani akamsaidie nani.

Mpiga banjo ni dereva wa basi la shule. Shule zikifunguliwa huamka saa kumi na nusu alfajiri, na theluji ikianguka yeye ndiye hutangulia kuipima barabara ya mlimani. Alikuwa akivaa vikucha vya chuma, kimoja kwenye kidole gumba na viwili kwenye vidole vinavyofuata, nilipomuuliza habari za muziki wao. Jina la bluegrass, akasema, limetokana na Blue Grass Boys, bendi ya Bill Monroe wa Rosine, Kentucky. Banjo ya kasi tunayoijua leo iliingia humo mwaka 1945, alipojiunga Earl Scruggs kutoka North Carolina, kijana aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha nyuzi wakati wa vita. Monroe mwenyewe aliwahi kuwa kibarua kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta huko Indiana. Ujanani alijifunza mengi kwa Arnold Shultz, mpiga gita na fidla, mtu mweusi aliyefanya kazi kwenye makaa ya mawe. Na banjo asili yake ni Afrika Magharibi. Waliojua kuiunda ni watu waliovushwa bahari utumwani. Hili la mwisho alilisema akinitazama usoni, kama mtu anayerudisha amana.

Dukani watu walikuwa wameshajaa, wazee kwa watoto, wengine na vyuma chini ya soli ili sakafu ya mbao iitike. Ngoma hakuna. Besi inashika pigo, mandolini inajibu kwa mkato mkavu, na hapo ndipo miguu inapokanyaga. Wote watano wanazunguka maikrofoni moja: mwenye zamu ya kung'ara anasogea, aliyemaliza anarudi nyuma, na katika nafasi ile finyu sikuona gita likigonga fidla hata mara moja.

Mpiga mandolini ni fundi wa nguzo za umeme. Kabla ya mapumziko simu ikamwita: upepo ulikuwa umeangusha miti juu ya nyaya, nyumba ziko gizani. Akaweka mandolini sandukuni, akamgusa bega mpiga gita, akatoka. Hakuna aliyenung'unika. Siku za Ijumaa barabara ya mbele ya duka nayo huwa na vikundi vya wapigaji. Mpiga gita, ambaye ni mwalimu wa hesabu, akaenda huko akarudi na binti wa sekondari, mandolini mkononi. Wimbo wa kwanza alichelewa. Wa pili akaukazia macho mguu wa mpiga besi, akashika mkato, na watu wakarudi kucheza.

Malipo waligawana juu ya boneti ya gari, mafungu sita yaliyo sawa, la fundi likiwemo. Kila fungu lilitosha mafuta na chakula. Hakuna kati yao anayeishi kwa muziki, na sijasikia watu wanaopiga kwa moyo kuliko wao.

Alfajiri tulikuwa shambani kupogoa, dereva na mwalimu nao wamekuja. Fundi akafika na matope mpaka magotini, hajalala.

"Nani alikamata nafasi yangu?"

Wakamwambia.

"Na ule wa kasi, aliuweza?"

"Aliuweza."

"Basi Jumanne aje mazoezini. Nikiitwa tena msihangaike kumtafuta."

Akaomba kisu. Mpiga besi akamnyima, akamwonyesha mlango wa nyumba, akalale.