Bia ile ile, jiko jingine: nilivyoihamisha "pale ale" yangu

Wadau habari zenu. Kabla sijahamia huku Uingereza nilikaa Marekani miaka minne, na kule kuna mzee mmoja tulikuwa naye zamu ya usiku kazini, yeye ndo alonifundisha kupika bia, ile aina ya "pale ale", bia ya rangi nyepesi yenye uchungu kidogo, Jumamosi moja kila mwezi gerejini kwake. Nilikuwa sina mtu kule, natoka kazini nalala naamka narudi kazini, kwa hiyo zile Jumamosi zilikuwa kitu kikubwa sana kwangu. Siku naondoka akanipa karatasi yake ya resipe, nikaiweka bahasha moja na pasipoti.

Resipe yenyewe fupi tu. Paundi 9 za kimea cheupe cha shayiri, aunsi 12 za kimea cha kristali, kile chenye rangi na utamu wa karameli, aunsi 3 za hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) aina ya Cascade zinagawanywa mafungu matatu, pakiti moja ya hamira ya bia, galoni 5. Kimea unakiloweka saa nzima kwenye maji ya nyuzi 152 za Fahrenheit, unakamua, unachemsha saa nyingine. Mzee alikuwa na jiko kubwa la gesi la nje na sufuria ya lita 40. Mimi huku nina chumba na jiko dogo la umeme, na sufuria kubwa niliyokuwa nayo ni ya lita 12!

Kwa hiyo kuloweka kimea chote hicho haikuwezekana. Nikanunua unga wa kimea, ule ambao kiwandani wameshaloweka na kukamua wakakausha, wewe unaukoroga tu kwenye maji. Hesabu ni kwamba kila kilo ya kimea unaweka kama gramu 600 za unga, paundi 9 ni kilo 4 na kidogo, ikatoka karibu kilo 2 na nusu. Kile cha kristali kinaendelea kuwa punje, nikakiweka kwenye kimfuko cha kitambaa nikakiloweka nusu saa kwenye maji ya nyuzi 67, ambazo ndo zile 152 za Kimarekani, hapo kinatoa rangi na utamu bila shida. Nikachemsha lita 9 na hopsi zangu, nikapoza sufuria kwenye sinki la barafu, nikamimina kwenye ndoo na kujaza maji ya baridi mpaka kwenye mstari ulioandikwa galoni 5.

Bia ikatoka nyepesi kama maji. Haidromita (kipimo cha sukari iliyomo kwenye bia, hamira ikiila namba inashuka) ilinionyesha 1.042 wakati ya mzee ilikuwa 1.050 kila mara, na ule uchungu mzuri wa mwisho wa ulimi haukuwepo. Nilihangaika karibu wiki mbili nikidhani unga mbovu, kumbe ni galoni! Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, ndoo yangu ni ya Kiingereza kwa hiyo pale kwenye mstari wa 5 pana karibu lita 23 na si 19, yaani nimezidisha karibu lita 4 za maji. Nilisikitika sana, si kwa ile bia, ni kwa sababu niliona kama nimeiharibu karatasi ya mzee. Toka siku hiyo nikaiandika upya yote kwa lita na gramu, nakushauri ufanye hivyo kabla hujawasha jiko.

Mara ya pili nikasimamia lita 19, kiwango kikakaa 1.050 sawasawa, ila rangi ikawa nyeusi kuliko inavyotakiwa na uchungu bado haujafika. Hapa ndo nikajifunza kitu ambacho gerejini sikuwahi kukifikiria. Ukichemsha unga wote kwenye maji machache, yanakuwa mazito sana, sukari inaungua rangi na hopsi zinashindwa kutoa uchungu wake vizuri. Dawa yake ni kuchemsha na nusu ya unga tu, nusu nyingine unatia dakika 10 za mwisho (zima jiko kwanza ndo ukoroge, la sivyo unashika chini).

Halafu hopsi. Karatasi inasema aunsi moja, gramu 28, kwa saa nzima, lakini za mzee zilikuwa na asidi za alfa asilimia 5.5 na pakiti niliyopata huku imeandikwa asilimia 7. Asidi hizo ndo zinazotoa uchungu, kwa hiyo unazidisha 28 kwa 5.5 unagawa kwa 7, unapata gramu 22. Hesabu hii ni kwa lile fungu la uchungu peke yake, mafungu ya mwisho ni ya harufu, hayo niliyaacha 28 vilevile. Kuna siku nilikosa Cascade nikaweka Golding za Kiingereza, ni nzuri, zina harufu ya udongo na asali kidogo, lakini ile harufu ya balungi ya Cascade haipo kabisa, na bila balungi, kwangu hiyo si bia ya mzee. Centennial inakaribia zaidi, ila ina uchungu mwingi, pima.

Maji nayo. Bia ya kwanza ilikuwa na harufu ya mbali kama ya plasta ya kidonda, hiyo ni klorini ya bombani inapokutana na kimea. Nusu kidonge cha Campden kwenye maji ya lita 20 kinamaliza kazi ndani ya dakika chache. Watu wanaongeza na jasi ili uchungu ukae vizuri, mimi kwenye bia ya unga siongezi kitu, maana madini ya maji ya kiwandani yameshakauka ndani ya unga.

Kilichonitesa kuliko vyote ni baridi. Hamira ile inataka nyuzi 18 mpaka 20, chumba changu usiku hita ikizimwa kinashuka mpaka 14, bia ikasimama kwenye 1.024 siku tano haisogei, na ukiitia chupani hivyo na sukari juu yake chupa zinapasuka. Nikaiweka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, nikatumbukiza hita ndogo ya tangi la samaki nikaiseti 20, nikafunika blanketi, nikaitikisa taratibu hamira iliyolala chini inyanyuke. Siku ya pili mapovu yakaanza tena, nilisimama pale nayaangalia kama mtoto.

Sasa nimepata sufuria ya lita 18 na mfuko mkubwa wa wavu, nimerudia kimea chenyewe, nusu ya resipe, lita 9 na nusu. Angalieni kitu kimoja, vyote vinagawanywa kwa mbili isipokuwa mvuke, sufuria yangu inapoteza karibu lita 3 kwa saa nipike kidogo nipike kingi, kwa hiyo, pamoja na yale yanayonyonywa na kimea, maji nilianza na lita 14. Juzi, jana na leo haidromita imesoma 1.012 haijabadilika. Kesho natia chupani, gramu 6 za sukari kwa kila lita, na chupa mbili nimeshaziandika jina la mzee, mwezi wa nane anakuja kunitembelea.