Nilivyopima sola na betri ya mtaa kwenye laptop kabla hata ya kununua nati

Swali langu lilikuwa dogo tu, hivi huku kwetu Mbagala mwisho wa laini, ambako ikifika jioni feni inajizungusha kwa kujivuta, tukifunga sola juu ya mabati na betri moja ya mtaa, hiyo betri ikae wapi? Programu za kulipia sina ubavu nazo, nikapakua OpenDSS, programu ya kuigiza mtandao wa umeme kwenye kompyuta, ya EPRI, taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, iko wazi kwa kila mtu tangu 2008. Haina urembo, unaandika mistari ya maandishi basi, ila hata laptop ya ram 4 inaiendesha freshi.

Kuuandika mtaa haikuwa ishu: transfoma ya 100 kVA inashusha 11 kV kuwa 400 V, waya wa alumini wa 50 mm² wenye ukinzani wa kama om 0.64 kwa kilomita, laini ya mita 600. Data za jua nikachukua PVGIS, tovuti ya Umoja wa Ulaya ya takwimu za jua, bure pia. Joto la paneli usiliache, maana mchana wa Dar paneli juu ya bati inaweza kufika digrii 60, na kila digrii moja juu ya 25 inakula kama asilimia 0.4 ya nguvu.

Kazi ipo kwenye matumizi ya watu. LUKU inakwambia umenunua uniti ngapi, haikwambii umezitumia saa ngapi, ikabidi nizunguke na klampu mita, ile inayobana waya na kusoma umeme unaopita, nyumba kwa nyumba. Mama wa saluni aliniangalia weee, "Mwanangu, usije ukaniletea watu wa umeme hapa." Nikamwambia shikamoo mama, napima tu, akacheka akawasha drayer zote mbili kwa mpigo ili nione vizuri, na kweli mshale wa saluni pekee ulizidi nyumba tatu za jirani. Ijumaa jioni ndo balaa zaidi.

Sasa kuna mtego. OpenDSS yenyewe, volti zikishuka chini ya asilimia 95 ya kiwango cha kawaida, inabadilisha namna inavyohesabu mzigo, hivyo mtaa wenye umeme mdogo unaonekana una nafuu kuliko hali halisi. Kikomo hicho, kwenye programu kinaitwa Vminpu, nikakishusha kutoka 0.95 hadi 0.85, ndo jioni ikaonyesha volti 204 kule mwisho, namba ambayo mita yangu inaijua.

Halafu betri. Ukiiweka ya 40 kWh usidhani unapata 40, programu inaacha akiba asilimia 20 na kutoa umeme kwenyewe kunapoteza asilimia 10, unabaki na kama 29, yaani kilowati 10 hivi kuanzia saa moja usiku mpaka saa nne. Nikiifunga pale kwenye transfoma, wa mwisho wa laini hasikii kitu. Nikiihamishia mwisho kabisa volti zinapanda kama 6, na mchana inameza umeme wa sola ambao bila hivyo unasukuma volti juu kupita kiasi, kwa hiyo hapo jibu nikalipata, japo mwisho wa laini hakuna hata kiwanja cha kuiweka zaidi ya ukuta wa msikiti.

Saivi naongeza bajaji za umeme zinazochaji usiku, na ile 40 kWh imeshaanza kuonekana ndogo.