Bei ya kopi

Nilisema "sawa". Hilo ndilo linaloniuma, wala si maneno ya fundi.

Jumamosi nilimpelekea fundi wa fremu ile picha ya marehemu baba, ya wanawake watatu na kuku, mnaikumbuka, iliyokaa miaka yote juu ya redio. Fremu yake imeliwa na mchwa. Fundi akaigeuzageuza, akasema, "Dada, huu si mchoro. Hii kopi, imepigwa mashine." Kijana wake akacheka. Nami nikajibu, "Sawa. Basi nifanyie bei ya kopi."

Akapunguza elfu tano. Nikafurahi! Hata aliposema atakata hayo makaratasi meupe ya pembeni ili ienee kwenye fremu aliyonayo, nikaitikia.

Wiki hii Baraka ameanza chuo Dodoma na ofisini tumeletewa bosi mpya, lakini mimi naosha vyombo nasikia "bei ya kopi". Kwenye daladala nimetunga majibu saba, yote matamu, yote yamechelewa.

Jumapili usiku nikafungua picha niliyoipiga kwa simu, nikaikuza. Chini kushoto, kwa penseli: 7/25, yaani ya saba kati ya ishirini na tano zilizochapwa. Kulia, sahihi isiyosomeka. Vyote viwili viko kwenye hayo "makaratasi meupe".

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Alishapiga mstari wa biro, bado kukata tu. Nikaichukua, hata advansi sikuidai.

Nyumbani nikaazima kioo cha mama cha kusomea msahafu. Picha ya kalenda ukiikuza unaona vidoto vya rangi vimejipanga. Hapa hakuna hata kimoja. Ukiilaza karibu na taa, mistari myeusi imeinuka juu ya karatasi. Kuizunguka kuna mbonyeo wa mstatili, pale bamba la chuma lilipokandamiza karatasi iliyoloweshwa. Mbonyeo peke yake si ushahidi, wapo wanaoughushi. Kilichonimaliza ni ncha za mistari. Mstari uliochongwa kwenye bamba kwa chuma huishia mwembamba kama unywele. Hii ni butu, maana imeliwa na tindikali: bamba linapakwa nta, msanii anachora kwa sindano, linazamishwa, na tindikali inakula pale tu nta ilipokwaruzwa. Kisha wino unasuguliwa mpaka uingie kwenye mifereji, juu panapanguswa, bamba linapitishwa kwenye mashine. Karatasi moja, kisha unaanza upya kupaka wino.

Kwa hiyo mashine ipo, fundi wa watu hakuzusha.

Baba aliinunua Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii cha Dar es Salaam kilichoanzishwa 1972, alikopitia msanii George Lilanga. Kila nikisema mchoro alikuwa akinikatiza: "Chapa, mama. Sema chapa." Nilidhani ni ubishi wa uzee tu, kumbe ndilo jina la picha iliyotoka kwenye bamba namna hii.

Jana nimecheka peke yangu jikoni. Ishirini na tano! Wanawake hao hao na kuku huyo huyo wako kwenye kuta nyingine 24, au walikuwako, na huenda kuna mtu kaambiwa ni kopi naye akaomba apunguziwe. Mstari wa biro umebaki pembeni. Nimeuacha, ufutio utachubua karatasi bure.

Baraka hapokei simu tangu jana asubuhi. Alisema soketi ya chumbani kwao ni mbovu. Labda ni chaji.