Mwembe wa uani umechipua

Jamani, mwembe wetu hapa Chumbageni umetoa majani mapya! Yale mekundumekundu, laini kama sikio la mtoto.

Mwaka jana nilichoka na vumbi, nikamwita fundi amwage zege uani kote mpaka kugusa shina. Haikupita miezi mingi, matawi ya juu yakaanza kukauka kuanzia nchani. Mimi huku nazidi kumwaga maji shinani kila jioni. Bure tupu.

Bibi wa nyumba ya pili alikuja kuazima kinu, akautazama mti, akasema, "Mwanangu, huu umeukaba roho." Kumbe mizizi inayonyonya haikai shinani. Imetawanyika juujuu ya udongo hadi nje ya kivuli, na inataka hewa. Wifi yangu aliyeko Uingereza anasema miti yao ya mialoni nayo ni vivyo hivyo: ukishindilia udongo juu ya mizizi au ukafukia shina, mti unakufa polepole, pengine miaka ipite ndipo ushtuke.

Basi zege tukalivunja kwa sururu (fundi kala hela yangu mara mbili, msinicheke). Tukatandaza makumbi ya nazi na majani makavu, shina tukaliacha wazi lisije likaoza gome. Maji sasa napeleka kwenye ukingo wa kivuli, mengi kwa mkupuo, kisha naacha siku kadhaa.

Maembe bado. Ila kitinda mimba wangu akitoka shule anahesabu vichipukizi. Jana kafika 31, akapotea, akaanza upya.