Usijidhuru, sisi sote tupo hapa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii maombi yamenishinda. Mama mmoja wa ushirika wetu alikwenda kumwona mwanawe mahabusu, akamkuta amevimba uso na hasemi neno. Wenzake wa selo wamempiga kwa sababu anapiga kelele usiku. Askari wanasema anajifanya. Na sisi tuliookoka? "Ni pepo, tufunge siku tatu." Basi.

Kufunga tufunge. Ila Matendo 16 tunapenda kuishia kwenye nyimbo za usiku wa manane na milango kufunguka. Endelea kusoma. Mlinzi wa gereza, akidhani wafungwa wametoroka, anachomoa upanga ajiue, na Paulo, naye mfungwa, mapigo yake hayajaoshwa bado, anapaza sauti: "Usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa." Hakumkemea, wala hakumpima imani. Habari ya wokovu ilikuja baada ya upanga kuzuiwa.

Wengi huingia gerezani tayari ni wagonjwa wa akili, na siku za mwanzo ndizo za kuogopwa zaidi kwa mtu kujiua. Msongamano na kukosa usingizi huzidisha ugonjwa. Mgonjwa hupigwa kwa kuwa haeleweki. Akijitetea anaitwa mkorofi, anafungiwa peke yake, na huko anaharibika zaidi. Kanuni za Mandela za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza kumtenga mfungwa zaidi ya siku 15 mfululizo, na hata chini ya hapo kama ni mgonjwa wa akili na kutengwa kutamzidishia hali. Mataifa yameliona hilo, sisi wenye Waebrania 13:3, "Wakumbukeni hao waliofungwa," tunasema pepo!

Ndugu mnaokwenda magerezani na sabuni na kwaya, Mungu awabariki, lakini msiimbe mkaondoka. Keti na mmoja. Muulize analalaje, nani anampiga. Akikwambia amechoka kuishi, mfikishie daktari wa gereza siku hiyohiyo, usingoje kikao cha wazee. Na asiwepo wa kumwambia mtu atupe dawa ili aonyeshe imani. Hilo nalikataa kwa jina la Yesu.

Nanyi askari magereza mlio washirika wetu, mnayoyaona humo yanawaelemea na hamsemi. Mchungaji yupo, daktari yupo. Semeni.