Kutafuta spea za Mariner, kutoka Kilindoni hadi Gerezani

Mashine ya boti ya mjomba ni Mariner ya farasi 15, ya zamani kiasi kwamba hata yeye hajui ilipita mikononi mwa watu wangapi kabla ya kumfikia. Rangi imebanduka, na stika imebaki herufi nne. Mwezi wa Novemba, papa potwe wameshaingia Mafia na wageni wanagombea boti za kwenda kuwaona, mashine ikaacha kukojoa.

Kwa asiyezijua mashine hizi: hupozwa na maji ya bahari, na maji yakishazunguka ndani hurushwa nje kwa kijitundu. Yasipotoka, zima. Nahodha wa mjomba ni kijana mwenye haraka, akaendelea mpaka harufu ya kuungua ikamfikia puani.

Fundi wa pale Kilindoni akafungua mguu wa mashine. Impela, lile gurudumu dogo la mpira linalosukuma maji, ilikuwa imebakiwa na mapezi mawili. Gasketi ya kichwa cha silinda imeungua na sili ya shafti imelika. Kwetu adui wa impela ni mchanga: maji yakikupwa watu hupitisha boti kwenye kina cha magoti huku mashine inanguruma, basi pampu inakunywa mchanga siku nzima. "Mariner spea hamna tena," fundi akasema. "Mwambie mjomba wako anunue Enduro." Mjomba akanipa hela ambazo hazikufika hata robo ya bei ya Enduro, mashine ya boti ya Yamaha, na kiroba cha vipande vibovu.

Kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati chombo hufuata maji, si saa ya mkononi, kwa hiyo tuliondoka usiku. Alfajiri mikoko ya delta ya Rufiji ikaanza kuonekana. Basi la Mbagala lilikuwa linangoja, na konda alinusa kiroba changu kabla hajaniuliza ninakwenda wapi. Petroli na oili iliyoungua haina siri. Akataka kikae juu ya keria, mimi nikataka kikae miguuni, tukakubaliana nilipe zaidi kidogo. Barabara ya vumbi hadi Bungu, halafu lami, Mkuranga, foleni ya Mbagala. Sina la kusimulia hapo isipokuwa joto.

Kariakoo nilianza vibaya kwa sababu ya swali la kwanza la kila muuzaji: "Spea ya mashine gani, bosi?" Nikijibu Mariner, wananiambia hamna kabla sijafungua kiroba. Mmoja akanitolea impela akisema hiyo inaingia. Nikaiweka juu ya ile mbovu: tundu la katikati lilikuwa kubwa waziwazi. "Utaweka bushi," akasema. Nikamshukuru nikatoka.

Jioni nikashauriwa niende Gerezani, kwa mzee mmoja anayefungua mashine za boti katikati ya mafundi wa kuchonga vyuma. Nje ya banda lake kulikuwa na Johnson mbili zimelala bila vichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebeba nini humo?"

Nikamwaga vyote juu ya kreti. Hakuuliza jina la mashine. Alichukua kifuniko cha pampu, akakwangua chumvi kwa bisibisi, akamwagia petroli kidogo na kukisugua kwa kidole. Zikatokea tarakimu tatu, ya kwanza 6.

"Nani kakwambia hii ni Mariner?"

"Imeandikwa, mzee."

"Imeandikwa juu. Chuma chenyewe kinasema Yamaha."

Akanieleza, huku akifanya kazi nyingine. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Brunswick ya Marekani, wenye mashine za Mercury, walipatana na Yamaha wa Japani: Yamaha atengeneze mashine, ziuzwe kwa jina la Mariner. Baadaye mambo yakageuka, na Mariner zilizofuata zikawa Mercury ndani. Na nyingine ndogo za baada ya 1988, Mercury alipoingia ubia na Tohatsu, Mjapani mwingine, ndani ni Tohatsu. Kwa hiyo jina la Mariner peke yake halimsaidii muuzaji chochote, lazima ajue ni ya miaka gani, au aone chuma. Kuhusu zile Johnson za nje hakuwa na maneno mengi: kampuni iliyozitengeneza ilifilisika mwaka 2000, na waliorithi kazi wakaacha kutengeneza Evinrude, ndugu yake Johnson, mwaka 2020. Anazikata vipande kuponya nyingine.

Halafu akanifundisha kusoma namba za Yamaha, na hili ndilo lililonilipa nauli. Alama tatu za mwanzo zinakwambia kipande kilibuniwa kwanza kwa ajili ya mashine ipi. Tarakimu tano za katikati ni kipande chenyewe: 44352 ni impela, iwe ya mashine ndogo au kubwa. Mwishoni ni toleo, likibadilika maana yake wamekirekebisha. Sili na beringi hazina hata haja ya Yamaha. Zina vipimo vitatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, na mara nyingi vimeandikwa ubavuni.

Asubuhi nikarudi Kariakoo na karatasi ya namba. Dada wa duka moja, ambalo jana yake lilinijibu hamna, alisoma namba, akapanda ngazi, akashuka na impela. Sikumkumbusha. Nilikunja mapezi kwa kidole kama mzee alivyonielekeza: mpira mzuri hurudi mara moja, uliokaa dukani juani miaka mingi hubaki umekunjika au hupasuka kwenye shina. Ya kwanza ilipasuka, akaguna, akaleta nyingine mbili, nikazichukua zote. Gasketi ya kichwa niliinunua ya dukani, kwa sababu pale mlipuko unapiga moja kwa moja na karatasi ya kukata kwa mkasi haidumu. Sili nikaipata kwenye duka la beringi, wakapima kwa venia, nikalipa hela ya chai.

Kitu kimoja sikukipata: thamosta, kile kidude kinachozuia maji mpaka mashine ipate joto. Mzee alisema niiondoe kabisa, maji ya kwetu ni ya moto. Mafundi wengi wa pwani ndivyo wanavyofanya, ingawa mashine isiyo nayo huchelewa kupata joto na plagi hushika masizi. Mimi ningeitafuta zaidi, lakini hela ilikuwa imekwisha.

Kilindoni fundi alipaka impela grisi, akaizungusha shafti kuelekea upande wa saa wakati wa kuiingiza ili mapezi yalale inavyotakiwa. Tukaitumbukiza mashine kwenye pipa la maji. Kamba ya tatu ikawaka, moshi mweupe ukatoka, na baada ya kitambo maji yakaruka mpaka kwenye kanzu ya mjomba.

Akauliza kwa nini nimenunua impela mbili. Nikamtajia bei. Aliichukua ile ya pili akaenda kuifungia kabatini, ufunguo akauweka mfukoni, akasema nahodha asiambiwe ipo.